Kutandika mikeka ya nyasi bila maungio kufunguka

Muulizaji: Habari zenu, wanajukwaa. Ninatarajia kutandika mikeka ya nyasi, yaani vipande vya nyasi hai vilivyokatwa pamoja na mizizi na udongo wake, kwenye bustani iliyopakana na njia ya saruji iliyonyooka upande mmoja, na yenye ukingo uliopinda upande wa pili. Nimeona bustani ambazo maungio yalifunguka baada ya majuma machache na kuacha mistari ya udongo. Nianzie wapi, na ukingo uliopinda ukatweje?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, anzia kando ya saruji, kwa kuwa mstari wa kwanza ukienda upogo, yote inayofuata itaufuata. Mstari wa pili uanze kwa nusu mkeka, ili maungio yapishane kama ya matofali ukutani. Sukuma kila mkeka kwa viganja mpaka ubanane na mwenzake, lakini usiuvute hata kidogo, maana mkeka uliovutwa husinyaa unapokauka, na hapo ndipo mistari uliyoiona hutokea. Piga magoti juu ya ubao, si juu ya udongo uliokwisha kusawazishwa. Kwenye mpindo, acha mikeka ipitilize, laza mpira wa kumwagilia kufuata umbo unalolitaka, kisha kata kwa kisu kikali. Vipande vidogo visikae pembezoni, kwani hukauka upesi, vifiche katikati.

Mchangiaji wa pili: Hayo ni sahihi, ila kwa maoni yangu unadhifu huamuliwa kabla mkeka wa kwanza haujawekwa. Lima kina cha sentimita 15 hivi, ondoa mawe na mizizi ya magugu, vunja mabonge, kanyaga eneo zima kwa visigino, kisha pitisha reki, na urudie mpaka mguu usizame popote. Kando ya saruji, udongo uwe chini kidogo kulingana na unene wa mkeka.

Muulizaji: Nashukuru sana. Je, mikeka isipomalizika kutandikwa siku ileile inapoletwa?

Mchangiaji wa pili: Ikibaki imekunjwa hupata joto ndani na kugeuka manjano, hivyo ikunjue kivulini na uinyunyizie maji. Iliyotandikwa imwagiliwe papo hapo. Funua pembe moja uhakikishe kwamba udongo wa chini umelowa, si majani tu. Usiikanyage mpaka mizizi ishike, jambo ambalo kwa kawaida huchukua majuma 2 hadi 3. Pembe ikivutwa isinyanyuke, unaweza kukata nyasi kwa mara ya kwanza, bila kuondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wake.