Kioo cha chumba cha eksirei: tubaki na risasi au tuhamie bismuthi?

Mpiga eksirei, Moshi (mwanzisha mada): Tunabadilisha kioo cha dirisha tunalomtazamia mgonjwa. Muuzaji anatushawishi tuchukue kioo cha oksidi ya bismuthi kwa bei ya juu zaidi, kwa madai kwamba risasi, ile metali nzito ya kuzuia mionzi iliyomo kwenye kioo chetu cha sasa, ni sumu. Kwa kuwa bismuthi ni elementi namba 83 na risasi ni 82, na uwezo wao wa kuzuia mionzi unakaribiana, je, tofauti hiyo ya bei ina maana?

Mwalimu wa fizikia, Njiro: Sumu ya risasi haimpati anayetazama kupitia kioo, bali anayekiyeyusha, anayekikata na anayekitupa jalalani. Isitoshe, bismuthi nyingi hupatikana wakati wa kusafisha risasi, kwa hiyo anayeikimbia risasi mlango wa mbele anakutana nayo uani. Mimi nahofia mafundi, maana fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha hawezi kutofautisha kioo cha risasi na cha dirisha la choo.

Fundi vioo, Unga Limited: Shikamoo Mwalimu, lakini hapo umetukosea. Kipande cha sentimita 30 kwa 40, unene wa milimita 8, kikiwa cha kawaida hakifiki kilo mbili na nusu, ilhali cha risasi hukaribia kilo tano na ukingo wake una umanjano. Mkono hujua kabla ya jicho.

Mwalimu wa fizikia: Marahaba, nafuta neno choo. Hata hivyo, mkono hauwezi kukwambia kioo hicho ni sawa na bamba la risasi la milimita ngapi, na kwa mashine ya kilovolti zipi. Hebu tuambie, kile cha risasi ulichowahi kukifunga chumba cha eksirei, ukingoni ulikifungaje?

Fundi vioo: Kwa fremu ya alumini na silikoni, kama madirisha yote.

Mwalimu wa fizikia: Ndiyo hofu yangu hiyo! Silikoni haizuii kitu. Bamba la risasi la ukutani lilipaswa kuufunika ukingo wa kioo pande zote nne, mionzi isipenye.

Fundi vioo: Aliyenipa kazi hakuniletea risasi hata kipande, alinihimiza tu nimalize kabla ya saa kumi. Lawama hiyo mpelekee yeye.

Mpiga eksirei, Moshi: Nimetoka kukagua dirisha letu, na rula imepenya kati ya fremu na ukuta bila kukwama. Bismuthi isubiri kwanza. Kesho naomba Tume ya Nguvu za Atomiki waje kutupimia. Fundi, kazi hiyo ya silikoni uliifanyia mji gani?