Naombeni ushauri: wale ndege kwenye mfano wa haradali ni kina nani?

Wapendwa habarini, Alhamisi ni zamu yangu kuongoza tafakari jumuiyani, nimepewa Marko 4:30-32, punje ya haradali, na nimekwama kabisa. Tangu utoto naambiwa ni imani ndogo inayokua, ila pale Yesu anaongelea ufalme wa Mungu, ile ya imani iko Mathayo 17:20, sasa ni kitu kimoja au tunachanganya mafaili? Halafu wale ndege wanaokaa kivulini, mzee mmoja kaniambia ni mataifa, mwingine kasema shetani, maana kwenye mfano wa mpanzi ndege ndo waliodonoa mbegu. Jana nilimwaga haradali za achari kiganjani niwaonyeshe, nikapiga chafya zikaisha zote 😅. Nianzie wapi jamani?