Naomba ushauri: Dar mpaka Houston na watoto wawili, niko peke yangu

Mama Wawili wa Mbezi

Habari za jioni wapendwa. Naingia moja kwa moja kwenye mada maana mdogo kalala na sijui atanipa muda gani.

Mwezi ujao namfuata baba watoto Houston, Marekani. Visa zimetoka zote, namshukuru Mungu. Kinachonikosesha usingizi ni safari yenyewe. Mkubwa ni wa kiume, miaka mitatu na nusu, yule kumkalisha kitini ni ugomvi. Mdogo ni wa kike, miezi kumi, bado ananyonya. Dar mpaka Doha naambiwa ni kama saa 6, halafu Doha mpaka Houston kama saa 16 hewani bila kutua. Mimi mwenyewe ndege ndefu niliyowahi kupanda ni ya kwenda Mwanza.

Wakala ananiuliza mdogo nimkatie kiti chake au nimpakate. Ana tiketi mbili mkononi: moja Doha unasubiri saa moja na nusu, nyingine saa nne, ila hiyo ya pili imechangamka bei. Sijui nichukue ipi. Sijui chakula chao nibebe nini. Halafu mama mkwe ananiambia niwape dawa ya mafua kidogo walale, maana yeye enzi zake ndivyo alivyofanya kwenye basi la Bukoba. Hili ndilo linanitatiza kuliko yote, siwezi kumkatalia mtu mzima nikiwa sina hoja.

Na naogopa macho ya watu wakianza kulia. Nisaidieni.

Shangazi wa Mbagala

Mwanangu hongera kwanza, visa si kitu kidogo.

Macho ya watu achana nayo. Umelipa nauli kama wao, na nusu ya waliokaa humo wana watoto au walishakuwa nao. Huko mitandaoni nimeona kuna wanaogawa vipakiti vya pipi na vizibo vya masikio kwa majirani wa viti, na kikaratasi kabisa cha kuomba radhi kwa niaba ya mtoto. Usijipe kazi hiyo. Salamu nzuri na tabasamu wakati wa kukaa zinatosha, na huyo jirani uliyemsalimia vizuri ndiye atakayekushikia mtoto ukienda msalani.

Tiketi chukua ya saa nne, hata kama ni kuuza kuku.

Mkata Tiketi

Dada, niko kwenye hizi kazi za tiketi, acha nikupe za ndani.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 anaruhusiwa kupakatwa, na kwa kawaida analipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Siku anayotimiza miaka 2 anahesabiwa wa kiti. Wengi wanasahau kwamba akitimiza huko huko ugenini, tiketi ya kurudi inabidi iwe na kiti chake. Mkubwa wako hapo hana mjadala, kiti chake ni lazima. Na mtu mzima mmoja anapakata mtoto mmoja tu, kwa hiyo kwa wawili wako uko ndani ya sheria.

Usikate tiketi ya mdogo kabla hujaulizia beseneti, kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti vya mstari wa kwanza wa kila sehemu. Vipo vichache na havigawiwi mlangoni, vinaombwa mapema. Mwambie wakala wako aombe leo, halafu wewe mwenyewe upige simu kwenye shirika uhakikishe limeandikwa. Vina kikomo cha uzito, mashirika mengi ni kilo 10 au 11, kwa hiyo mpime mtoto kliniki kabla ya kujibu swali la uzito.

Ila usije ukadhani ndiyo umemaliza. Taa ya mikanda ikiwaka unatakiwa umtoe mtoto humo, hata kama ndo kwanza amesinzia, na kwenye saa 16 taa hiyo itawaka mara kadhaa. Viti vya pale mbele pia havina sehemu ya kuweka begi miguuni wakati wa kupaa na kutua. Kila kitu kinapanda juu, na wewe huwezi kusimama kukichukua. Vitu vya nusu saa ya kwanza viwe mwilini mwako.

Saa moja na nusu Doha na watoto wawili, mimi singemkatia hata adui yangu. Ndege za kwenda Marekani abiria hukaguliwa upya kabla ya kuingia, kwa hiyo geti linakutaka mapema. Hapo bado hujabadilisha pampasi.

Mtu wa Kigamboni

Mimi sina ushauri, nimekaa pale nasoma. Ila huyo mama mkwe namba yake naweza kupata? Nina mmoja hapa nyumbani wa miaka mitatu, hiyo dozi ya basi la Bukoba naihitaji leo usiku.

Nesi wa Zamu

Mkuu, hiyo dozi kunywa mwenyewe.

Mama Wawili, hoja hizi hapa, mpelekee mama mkwe kwa upole. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi si dawa za usingizi, usingizi ni athari yake ya pembeni. Aina ya promethazine haipewi kabisa mtoto aliye chini ya miaka 2 kwa sababu inaweza kudhoofisha kupumua mpaka mtoto akafa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa mwaka 2004. Sasa fikiria, hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama ya mtu aliyepanda mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, yaani hata mtu mzima oksijeni yake inashuka kidogo. Huko ndiko unataka kumdhoofisha mtoto kupumua? Halafu kuna watoto dawa hizi zinawageuzia kibao, badala ya kulala wanaruka kama wamepagawa. Ukimwambia tu hilo la pili mama mkwe atakuelewa haraka.

Beba paracetamol ya maji kwa ajili ya homa au meno, na kipimo chake kulingana na uzito uandikiwe na daktari wako. Basi.

Masikio sasa. Kinachowaumiza watoto zaidi ni kushuka kuliko kupaa. Ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, na mtoto mdogo hajui kumeza mate makusudi ili masikio yafunguke. Mnyonyeshe kipindi hicho. Kosa la wengi ni kumshibisha dakika ishirini kabla, muda ukifika hataki titi wala chupa. Mnyime kidogo, mpe ndege inapoinamisha pua. Akiwa amelala na masikio mazima hayana shida muache, ila akishtuka analia mpe mara moja. Mkubwa mpe juisi kwa mrija, anyonye polepole. Kama yeyote ana mafua makali au maumivu ya sikio siku za karibu na safari, mpeleke akaangaliwe masikio kwanza.

Na jambo ambalo hukuuliza: mkifika huko, mtoto akipata homa wiki za mwanzo, neno la kwanza kwa daktari liwe "tumetoka Tanzania, mpimeni malaria". Wao haliwajii kichwani haraka, kwao homa ni mafua.

Baba Naima

Nilisafiri na wangu wawili, mama yao alitangulia, kwa hiyo naongea kama mtu aliyepita humo.

Watu wanakuambia habari za kulia. Kulia kunapita. Mtihani ni mikono. Una miwili, na kuna watoto wawili, begi, pasi za kusafiria na sinia la chakula. Panga safari nzima kwa kujiuliza, hapa mkono upi utakuwa wazi?

Mfano ni choo cha ndege. Ni kabati. Kuna kibao cha kubadilishia mtoto kinachoshuka kutoka ukutani juu ya choo, na kikishuka mkubwa hana pa kusimama isipokuwa katikati ya magoti yako na mlango. Mdogo mgongoni haiwezekani maana ndiye unayembadilisha. Halafu mkubwa naye anataka kujisaidia. Halafu choo kinavuta kwa mshindo wa ghafla, mtoto anadhani kitamvuta na yeye, na kuanzia hapo hataki tena kuingia na amebakiza saa kumi. Kwa hiyo: mkubwa akimaliza mtoe nje kwanza, funga kifuniko, ndipo ubonyeze. Mdogo mwachie mhudumu wa ndege au jirani kwa dakika hizo mbili. Omba bila aibu. Na usiende wakati vikombe vinakusanywa baada ya chakula, foleni yake ni kama Mwendokasi saa kumi na mbili jioni.

Mvalishe mkubwa pampasi hata kama ameshaacha. Ndani ya ndege ukiambiwa ukae, unakaa, awe amebanwa au hajabanwa.

Shangazi wa Mbagala

Baba Naima hilo la pampasi kwa aliyeacha nakupinga. Utamrudisha nyuma, ukifika Houston uanze upya kumfundisha. Mpeleke msalani kila baada ya muda hata kama hajaomba.

Baba Naima

Shangazi, kwenye saa 16? Mimi naongelea suruali ya mtoto na kiti cha watu.

Mama wa Uji

Waacheni hao. Mimi nazungumzia chakula.

Maziwa na chakula cha mtoto havibanwi na ile sheria ya vimiminika kutozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi, unaruhusiwa kupita na kiasi cha safari, ila vitoe kwenye begi uwaonyeshe. Chupa ya chai iwe tupu ukipita ukaguzi, maji ya moto utaomba kwa wahudumu. Waambie wachanganye na ya baridi, yanakuja yakiwa ya kuunguza.

Unga wa lishe uwe nao makini. Kwa ndege zinazoingia Marekani, tangu mwaka 2018 unga au poda yoyote inayozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi inaweza kukaguliwa zaidi au kuzuiwa. Maziwa ya kopo ya watoto yamesamehewa, lakini unga wako wa ulezi na karanga uliosagisha Mwenge, kwenye mfuko usio na maandishi, jaribu kumweleza afisa ni nini! Weka kidogo tu mkononi, mzigo mwingine uende kwenye sanduku. Ndizi na matunda yaishe ndani ya ndege, usishuke nayo Houston. Nyama pia usibebe. Na kwenye kutangaza vyakula sema ukweli, kutangaza hakuna adhabu, kuficha ndiko kuna faini.

Chakula cha watoto cha ndege kiombe angalau siku moja kabla, na uombe waletewe kwanza, ili wewe ule wakishamaliza. Mkubwa mbebee anachokijua: mkate, biskuti, viazi vya kuchemsha vya saa za mwanzo. Ndani ya ndege si mahali pa kumfundisha vyakula vipya.

Na kanga, mwanamke mwenzangu! Doti moja kwenye begi la mkononi. Ni mbeleko ukiwa Doha, ni shuka wakilala, ni pazia ukinyonyesha, ni taulo maziwa yakimwagika. Hizo blanketi za ndege ziache. Wakati wa kupaa na kutua tu ndipo watakwambia umfungue mtoto kwenye mbeleko, umfunge na mkanda mdogo unaounganishwa na wako.

Mama Wawili wa Mbezi

Jamani, sikutegemea. Mungu awabariki. Nimemsomea mama mkwe maneno ya Nesi, kakaa kimya halafu kasema "basi beba hata asali". Nimeona tumesogea.

Beseneti nimeshaomba, mdogo ana kilo 8 na ushee. Kilichobaki: baba yao hayupo hapa, uhamiaji hawatanisumbua kutoka na watoto peke yangu? Na kigari cha kusukuma nibebe au nisibebe?

Nesi wa Zamu

Asali usimpe mdogo! Chini ya mwaka mmoja hairuhusiwi, ina hatari ya botulizimu, sumu ya vijidudu inayolegeza misuli ya mtoto. Mkubwa sawa.

Mkata Tiketi

Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya RITA, halisi na nakala, pamoja na barua ya baba ya kuridhia, iwe na sahihi iliyothibitishwa na wakili, nakala ya pasi yake na namba yake ya simu. Inawezekana wasikuulize kabisa. Wakikuuliza huna, pale dirishani jasho litakutoka.

Baba Naima

Kigari bebeni, kile chepesi cha kukunja kwa mkono mmoja. Lakini muulize aliyekubandikia lebo: kinarudishwa mlangoni mwa ndege Doha, au kinakwenda moja kwa moja Houston? Mimi niliambiwa mlangoni, kikaibukia kwenye mkanda wa mizigo mwisho wa safari, nikavuka uwanja mzima na mmoja begani na mwingine mkononi. Hata akikuhakikishia, kanga ya Mama wa Uji iwe karibu.

Na baba yao aje na viti vya gari vya watoto uwanjani. Texas mtoto aliye chini ya miaka 8 hapakatwi kwenye gari, labda awe mrefu kuzidi futi 4 na inchi 9.

Shangazi wa Mbagala

Na wewe siku hiyo ondoka Mbezi mapema. Malori ya bandarini pale Mandela hayajui kwamba una ndege.

Mama Wawili wa Mbezi

Nimemtumia baba yao hilo la viti, anajibu "kwani lazima vyote viwili?" Ngoja nimpigie. Tiketi ya saa nne nimelipia.