Hawa wanaotukopesha marejesho yetu wenyewe ya kodi wamezidi sasa

Wakuu, hasa mlioko Marekani, nimevumilia misimu mingi ila huu umenishinda.

Januari haijaisha, W-2 za watu, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara wa mwaka, ziko njiani bado, tayari magrupu ya WhatsApp yamejaa matangazo: "Njoo na kadi za watoto, ondoka na hela leo leo." Ukienda unakuta meza nyuma ya duka la vyakula vya kwetu, kando ya magunia ya unga na makatoni ya dagaa, printa inakoroma, na foleni ya akina mama waliotoka shifti ya usiku.

Hiyo hela ya leo leo ni mkopo, jamani. Serikali bado haijatoa hata senti. Sheria ya 2015 inaizuia IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kuachia marejesho yenye EITC, ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, au ile sehemu ya nafuu ya watoto unayolipwa hata kama hudaiwi kodi, kabla ya katikati ya Februari. Wengi wanazipata mwishoni mwa Februari au Machi ikianza. Jamaa wamejenga biashara nzima kwenye huo mwanya wa wiki chache.

Dada mmoja tunayesali naye kanionyesha karatasi yake. Ana watoto wawili, kazi ya ghalani, W-2 moja tu. Ada ya kuandaa ritani, yaani fomu za kodi za mwaka: dola 480. Chini yake ada ya benki. Chini yake ada ya "teknolojia". Halafu ada ya "kutunza nyaraka", na mwisho riba ya mkopo. Jumla imepita dola 700! Nyaraka gani hizo za kutunzwa, karatasi mbili? Na hakushtuka kwa sababu hakutoa kitu mfukoni. Marejesho yanapitia kwanza akaunti ya muda kwenye benki yao, wanajikata, kinachobaki ndicho kinamfikia. Watu wa VITA, mpango wa IRS wenyewe wa kujitolea, wangemfanyia bure kabisa, na mara nyingi wapo maktaba au vituo vya jamii.

Lakini ada si kitu. Nikafungua ukurasa wa nyuma nikakuta ana biashara ya kusuka nywele. Dada wa watu hajawahi kumsuka mtu kwa malipo maishani mwake! Mchezo ni huu: EITC inapanda kadiri kipato kinavyopanda, inafika kilele, kisha inaanza kushuka. Kwa mwaka wa kodi 2024, kilele cha nafuu yenyewe kwa mwenye watoto wawili kilikuwa dola 6,960. Yeye alianza kazi katikati ya mwaka, mshahara haukufika kiwango cha kumpa kilele hicho, basi wakamtungia saluni ili afike. IRS wakigundua, wanaodaiwa si wale wa mezani. Atarudisha yeye, na adhabu na riba juu, na anaweza kufungiwa EITC miaka 2, au 10 wakisema ni udanganyifu.

Na watoto ndiyo usiseme. Mtoto wa kaka yako uliyeishi naye zaidi ya nusu mwaka anaweza kuhesabika. Mtoto wa binamu yako, kwa EITC, hapana, hata kama kwetu ni mwanao tu. Wale unaowalipia ada Goma au Kigoma nao hawamo, maana lazima wawe wameishi na wewe huku. Hawa waandaaji wanalijua hilo vizuri sana, na bado wanaandika "mwana" kila mstari.

Najua kuna watakaokuja kusema mwenye nyumba hasubiri Machi. Kweli, hasubiri, na mtu aliyekatiwa umeme siwezi kumlaumu kwa kukopa. Tena kuna mikopo ya aina hii isiyo na riba kabisa. Ninachouliza ni kwa nini bei haitajwi kabla mtu hajasaini, na kwa nini wengine wanachaji asilimia ya marejesho wakati IRS kila mwaka inawaambia watu wawakimbie wa namna hiyo. Wale wa "ni hela ya bure ya Mzungu, tule tu" sina muda nao. EITC ipo tangu 1975 na huipati bila kufanya kazi. Yule dada ameinua maboksi usiku kucha kwa hiyo hela.

Anayelipwa kuandaa ritani anatakiwa kisheria asaini na aweke PTIN, namba yake ya utambulisho kutoka IRS. Kwenye ritani ya huyu dada pale pa mwandaaji ni peupe, kana kwamba alijijazia mwenyewe, na Kiingereza chenyewe ndiyo kwanza anajifunza.

Najua baadhi yenu wenye hizo meza mnasoma hapa. Msinifuate inboksi. Jibuni hapa hapa: kwa nini hamsaini?