Watoto wa Faya na Majirani

*Jumanne*

Mama Nuru, saa 1:20 usiku
Assalamu alaykum ndugu zangu, na habari za jioni kwenu nyote. Naliandika tena jambo lilelile kwa kuwa siku zinakwenda. Jumamosi hii saa 10 alasiri tunakutana ili Babu Sefu atusimulie historia ya Faya, kikosi cha zimamoto cha mji wetu, na magari yake tangu alipoajiriwa mpaka alipostaafu, nasi tumrekodi na kumwandika. Katika zamu ya marehemu baba yangu amebaki yeye peke yake. Lililo la haraka zaidi ni hili: Babu anakumbuka kila haidranti (bomba la chini ya ardhi la maji ya kuzimia moto) iliyokuwa katika mitaa yetu ya Kariakoo, na nataka atembee nasi atuonyeshe mifuniko yake ilipo, kabla masika hayajaanza na kabla magoti yake hayajamshinda. Naomba kila mmoja aandike kama atakuja.

Mama Nuru, saa 1:58 usiku
Watu 34 wameusoma ujumbe huu. Naomba majibu.

Idi, saa 2:03 usiku
Mimi nitakuja. Naomba tu kuuliza kama kutakuwa na pilau, kwa sababu pilau ikiwapo nitafika kabla ya gari la zimamoto.

Hamisi wa Gerezani, saa 2:05 usiku
Kwa pilau Idi hahitaji kupigiwa 114, hufuata harufu mwenyewe.

Idi, saa 2:06 usiku
Harufu ya pilau ya Mama Zaituni inafika mpaka kituo cha mwendokasi cha Faya, na abiria hushuka hapo wakidhani wamefika kwao.

Mama Zaituni, saa 2:15 usiku
Kama ni pilau, nitahitaji kujua idadi ya watu ifikapo Alhamisi, na mchele si wangu.

Mama Nuru, saa 2:21 usiku
Suala la pilau tutalizungumza baadaye, tafadhalini. Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolibuni msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Miezi sita baadaye, tarehe 16 Januari 2022, likaungua soko la Karume pale Mchikichini. Sisi tunaishi katikati ya masoko hayo mawili, na nyumba zetu zilizokuwa za chumba na ukumbi leo ni maghorofa yenye maduka chini, stoo juu na waya za umeme zilizosokotana. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huu na watu 272,821, na ile ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wetu na watu 5,383,728. Siwaiti kwenye sherehe.

Mwalimu Joseph, saa 2:47 usiku
Mama Nuru, nitakuja. Nimeandaa tarehe ili tusimchoshe Babu kwa maswali ambayo majibu yake yapo katika sheria na kumbukumbu za nchi. Kikosi alichoajiriwa Babu hakikuwa jeshi la taifa. Kilikuwa mali ya mji, kikilipwa kutokana na mapato ya mji. Serikali ilipoleta Madaraka Mikoani mwaka 1972, mamlaka za miji zilivunjwa na kazi zake zikapelekwa mikoani. Huduma za mijini zilidorora kiasi kwamba mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa kwa mara nyingine, na Tume ya Jiji ikashika kazi mpaka mwaka 2000. Hatimaye Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, ikavikusanya vikosi vya halmashauri vikawa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kwa hiyo, anayetaka kujua kwa nini mwaka fulani gari lilikuwa barabarani na mwaka mwingine lilikuwa juu ya mawe, na aanze kwa kuuliza mwaka huo mwenye gari alikuwa nani, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zilikuwapo au zilikuwa zimekwenda kwenye vita vya Kagera.

Mama Nuru, saa 2:52 usiku
Ahsante sana Mwalimu. Mfano ndio huo. Wengine je?

Shangazi Mwajuma, saa 4:10 usiku
Nimechelewa kusoma, na nimeusoma utani wa Idi wa kufika kabla ya gari la zimamoto. Nyumba ya mama yangu iliteketea mbele ya macho yangu nikiwa nimembeba mdogo wangu mgongoni. Gari lilikuja, likamwaga maji kwa dakika chache, likageuza na kuondoka, na liliporudi hapakuwa na la kuokoa ila kizingiti. Hakuna aliyetueleza chochote, wakati ule wala leo. Mama alikufa akiwa amepanga chumba Buguruni. Sasa naambiwa nije kukaa mkekani nisikilize sifa za Faya.

Idi, saa 4:13 usiku
Shangazi, niwie radhi. Sikukusudia hilo hata kidogo.

Baba Shamsa, saa 4:20 usiku
Poleni wote. Ningeshauri mambo ya usiku ule tuyaache, kwa kuwa waliohusika wengi wametangulia mbele ya haki.

Shangazi Mwajuma, saa 4:22 usiku
Baba Shamsa, unajua wewe kwa nini unataka yaachwe.

Mama Nuru, saa 4:31 usiku
Shangazi, nakuheshimu na msiba wako naujua. Hata hivyo, naomba tusianze kulaumiana usiku huu. Waliokuwa kwenye gari lile walikuwa wazee wetu wengine humuhumu.

Hamisi wa Gerezani, saa 4:40 usiku
Naomba kuuliza jambo moja kwa nia njema. Msikiti una kisima chenye maji mwaka mzima. Kwa nini gari lisingevuta maji pale badala ya kurudi kuyafuata mbali?

*Jumatano*

Mama Nuru, saa 12:30 asubuhi
Habari za asubuhi. Waliothibitisha ni Idi na Mwalimu tu. Naomba wengine waamke.

Tatu, mjukuu wa Babu Sefu, saa 3:15 asubuhi
Shikamooni nyote. Nilimsomea Babu mazungumzo yote ya jana baada ya chai. Alinyamaza muda, kisha akaniambia nichukue simu niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nisipunguze wala kupamba. Haya ndiyo maneno yake.

"Marahaba wanangu. Niliingia Faya mwaka 1969 nikiwa kijana wa miaka 20, na nilitoka kabla hawajawa jeshi. Hamisi ameuliza swali la mtu mwenye akili, basi nitaanza na lake. Pampu ya gari la zimamoto inazungushwa na injini ileile inayoendesha gari. Ukiingiza mpira wa kuvutia kisimani, pampu inatoa hewa iliyomo ndani ya mpira, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Nguvu ya hewa hiyo, hata uwe na pampu mpya kabisa, haipandishi maji zaidi ya mita 10, na kazini ukipata mita 7 umshukuru Mungu. Kisima cha msikiti ni kirefu kuliko hapo. Tulikijaribu, na pampu ikalia kavu.

"Sasa nakuja kwa Mwajuma. Gari lenye tangi la lita 4,000, likifungua mipira miwili na kila mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, lina maji ya dakika 5. Haliendi dakika ya sita. Tangi ni la kuanzia kazi tu, wakati mwenzako anakimbilia haidranti. Anafungua mfuniko wa chuma uliolala sawa na ardhi, anasimamisha bomba la wima, anageuza kwa ufunguo wenye umbo la msalaba, na hapo ndipo moto unapopata mpinzani. Kila asubuhi tulivisugua viungio vya shaba vya mipira hiyo mpaka ukajiona uso, na haikuwa kwa ajili ya mapambo, kwa maana kiungio chenye kutu au mchanga hakishiki, na mpira ukichomoka ukiwa na maji unamvunja mtu mguu.

"Mwaka ule ulikuwa wa foleni za sukari. Magari mengine yalikuwa juu ya mawe yakisubiri vipuri, tukatoka na moja. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa haidranti. Nilijua iko wapi, hatua chache kutoka mlangoni kwa mama yake Mwajuma, na nilipofika nikakuta baraza jipya la saruji. Marehemu baba yake Baba Shamsa alikuwa amepanua duka lake na kumwaga zege juu ya mfuniko. Nilipiga zege lile kwa shoka la gari mpaka mpini ukakatika. Dakika zikaisha, tangi likakauka, ikabidi dereva arudi kujaza. Watu walipoliona gari linageuka walidhani tunakimbia, wakarusha mawe. Jiwe moja lilipasua kioo likampata dereva juu ya jicho, na dereva yule alikuwa baba yake Mama Nuru. Aliendesha hivyohivyo akaenda kujaza, akarudi, damu imeganda kwenye kola. Wakubwa walitaka majina ya waliorusha. Alisema hakuona mtu, kwa sababu walikuwa majirani zake na baadhi yao tuliswali nao safu moja. Wengine wako humu.

"Nimenyamaza kwa heshima ya marehemu wawili, na sasa naona kunyamaza kwangu kumemwumiza Mwajuma. Jumamosi nitakuja. Sitaki kukalishwa kwenye kiti cha mbele wala kupigwa picha na gari jipya. Nataka mfuniko ule niuone kwa macho yangu nikiwa hai, ufunguliwe, ijulikane kama chini yake bado kuna maji. Mfuniko ukifunguliwa nitasimulia historia yote mnayoitaka, mpaka usiku. Usipofunguliwa, sina la kusimulia."

Tatu, saa 3:17 asubuhi
Mwisho wa maneno ya Babu. Amelala sasa, naomba asipigiwe simu.

Hamisi wa Gerezani, saa 4:50 asubuhi
Tumekusikia, Babu.

Mama Nuru, saa 5:05 asubuhi
Baba alituambia kovu lile alilipata alipogonga mlango wa gari. Naomba mnipe muda kidogo.

Idi, saa 5:40 asubuhi
Pole sana Dada. Nina sururu na patasi, na Jumamosi nitazileta.

Mwalimu Joseph, saa 7:25 mchana
Idi, nia yako ni njema, ila tusivunje chochote kabla ya kuandika barua mbili. Moja iende kwa mamlaka ya maji, kwa kuwa bomba ni lao na sisi hatuna ufunguo wala mamlaka ya kulifungua. Nyingine iende kwa Kamanda wa Zimamoto wa Mkoa wa Ilala, tumwombe atume askari mwenye vifaa vya kupimia msukumo wa maji, na hapohapo tumwombe ruhusa ya kupiga picha kituoni. Naweza kuziandika leo usiku, lakini zinahitaji saini na muhuri wa serikali ya mtaa. Mjumbe, uko humu?

*Alhamisi*

Mjumbe, saa 2:10 asubuhi
Nimeona.

Mama Nuru, saa 2:14 asubuhi
Mjumbe, umeona na unakubali kusaini, au umeona tu?

Baba Shamsa, saa 6:35 mchana
Shikamoo Babu, nami nimesoma. Nilikuwa na miaka 9 wakati baraza lile linajengwa, na nilijua kwamba chini yake kuna chuma kwa sababu tulikuwa tukichezea mfuniko ule kabla zege halijamwagwa. Baba alituambia serikali imeuacha na hauna kazi. Hilo ndilo ninaloweza kusema kwa uhakika. Duka ni la urithi, tuko ndugu watano, na mkubwa wetu yuko Tanga. Kwa upande wangu niko tayari vigae na zege la kona ile vitolewe kwa gharama yangu, ila siwezi kuruhusu peke yangu kabla sijapata kauli yake. Shangazi Mwajuma, nitakuja kwako leo baada ya Magharibi kama utanipokea.

Shangazi Mwajuma, saa 8:20 mchana
Mlango wangu haujawahi kufungwa kwa jirani. Njoo na mkeo. Jumamosi nitakuja kwa ajili ya Babu na kwa ajili ya mfuniko huo. La msamaha msiniulize sasa.

Mama Zaituni, saa 9:00 alasiri
Bado sijapewa idadi ya watu.

Idi, saa 9:02 alasiri
Mimi naomba nisihesabiwe kwenye pilau, nihesabiwe kwenye sururu.

Mama Nuru, saa 11:45 jioni
Nimerudi. Kwa hali ilivyo, Jumamosi saa 10 ipo palepale, lakini mahali hapajulikani: mfuniko ukiruhusiwa tutakutana mbele ya duka la akina Baba Shamsa, usiporuhusiwa itabidi tukutane uani kwangu, na hapo Babu ameshasema hatasimulia. Wenye picha za zamani za magari na za wazee wakiwa kwenye sare wazilete zikiwa ndani ya bahasha zenye majina, na hakuna picha itakayoondoka mikononi mwa mwenyewe, maana Tatu atazipiga hapohapo kwa simu. Barua za Mwalimu ziko tayari tangu jana, na muhuri bado.

Mjumbe, saa 1:30 usiku
Muhuri uko kwa mtendaji, na mtendaji yuko kwenye semina mpaka kesho mchana. Nitajitahidi.

Mwalimu Joseph, saa 1:41 usiku
Kesho ni Ijumaa. Ikipita saa 8 mchana barua hazitapokelewa na mtu.

Mama Nuru, saa 1:44 usiku
Basi kesho saa 6 mchana nitakuwa mlangoni kwa mtendaji na barua mkononi. Baba Shamsa, kaka yako amesemaje?

Baba Shamsa, saa 3:55 usiku
Nimetoka kwa Shangazi sasa hivi. Kaka nimempigia tangu alasiri, simu inaita haipokelewi. Nitajaribu tena baada ya Alfajiri.