Kazi mpya ipigwe mara mbili: tujadili misimu ya kwarteti ya nyuzi

Mleta mada (mpiga viola, Mzanzibari niliyeko Uholanzi)

Wadau, asalaam aleikum na habari zenu. Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita, naomba tulijadili.

Kila mwaka vikundi vya kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola moja (dada mkubwa wa fidla) na selo moja, hutoka na msimu wa safari. Huandaa programu mbili au tatu, na kila programu huzungushwa miji sita, minane, hata kumi. Programu nyingi siku hizi zina umbo moja. Mwanzo mtunzi wa kale kama Haydn au Mozart, kisha kazi ya mtunzi aliye hai, mapumziko, halafu Beethoven au Schubert mpaka watu wachukue makoti yao. Kwenye matangazo wanaandika kwamba ni mchanganyiko wa klasiki na kisasa. Mimi nasema huo haujawa mchanganyiko. Kazi mpya imebanwa katikati ili asiyeitaka asipate pa kupitia: akichelewa kuingia amemkosa Haydn, akiwahi kutoka amemkosa Beethoven.

Mwezi uliopita nilikuwa katika ukumbi wa namna hiyo, mji mdogo, watu kama mia na ishirini. Kabla ya kazi mpya mmoja wa wapigaji alisimama akatuambia tusiwe na wasiwasi, ni dakika kumi na mbili tu. Kazi ikaombewa radhi kabla haijasikika. Mtunzi mwenyewe alikuwa ameketi safu ya tatu, na mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona mabega yake yalivyoshuka.

Pendekezo langu ni hili. Kazi mpya iliyo fupi ipigwe mara mbili jioni ileile, kabla ya mapumziko na baada yake, hata ikibidi kazi moja ya kale iachwe nyumbani. Na kikundi kiwe na siku za kutosha za mazoezi kabla ya mji wa kwanza. Anayejua safari hizi anajua kwamba mji wa kwanza ndio unaopunjwa. Beethoven wanampiga tangu wakiwa wanafunzi, vidole vinamjua. Kazi mpya wameipata wiki tatu nyuma. Kufikia mji wa nane imewakaa mkononi, lakini watu wa mji wa kwanza wamekwisha kwenda nyumbani wakisema muziki wa kisasa ni kelele.

Sikuzua mimi. Machi 1825, Vienna, kikundi cha mpiga fidla Schuppanzigh kilipiga kwa mara ya kwanza kwarteti ya Beethoven iitwayo Opus 127, yaani kazi namba 127. Mazoezi yalikuwa haba, kazi ikawashinda, wasikilizaji wakatoka hawakuelewa kitu. Beethoven akakasirika, akampa kazi hiyo mpiga fidla mwingine, Joseph Böhm. Böhm na wenzake waliifanyia mazoezi mengi mbele ya mtunzi, na mtunzi wakati huo hasikii kabisa. Alikuwa anafuata pinde kwa macho, na kwa mwendo wa pinde akajua wapi kasi imeyumba. Kisha wakaipiga mara mbili jioni moja, na watu walewale wa Vienna wakaipokea. Noti zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni mazoezi na kurudiwa.

Mtunzi Schoenberg naye mwaka 1918, hukohuko Vienna, alianzisha chama cha kusikiliza muziki mpya. Kupiga makofi marufuku, kuzomea marufuku, programu haitangazwi mapema ili watu wasichague cha kukwepa. Hadi chama kilipokufa mwaka 1921 kilikuwa kimefanya matamasha 117, kazi 154, na kazi hizo zilipigwa mara 353. Ukigawa utaona kwamba kwa wastani kila kazi ilisikika zaidi ya mara mbili.

Na sisi wa pwani tulijue hili kuliko wengine. Wimbo wa taarab haukuachi baada ya kuupita mara moja. Vyombo vinatangulia na mahadhi, mwimbaji anayachukua, kiitikio kinarudi, vyombo vinajibu, na ukifika ubeti wa tatu hata aliyeingia sasa hivi anaitikia. Sikio letu limelelewa kwa kurudiwa. Kwa nini mtunzi wa leo apewe nafasi moja tu, tena ya dakika kumi na mbili?

Mchangiaji, Nairobi

Mleta mada, umeandika vizuri lakini kwa heshima zote napinga.

Mimi si mwanamuziki. Nimewahi kushika vitabu vya hesabu vya waandaaji wa matamasha, nikaona fedha inavyotoka. Ukumbi unalipiwa, uchapaji, malazi ya watu wanne. Selo nayo hukatiwa kiti chake kwenye ndege kama abiria, kwa sababu hakuna mpigaji atakayekubali kuitupa kwenye mizigo. Hayo yote yanalipwa na mama aliyekuja kumsikiliza Beethoven. Ukimwondolea Beethoven ili umrudishie mara ya pili kitu ambacho hakukipenda mara ya kwanza, mwaka ujao hatakuja, na hutakuwa na msimu wa kuchanganya chochote.

Umetaja Vienna, nami nakurudisha Vienna. Tarehe 21 Machi 1826 walipiga Opus 130 ya Beethoven. Wasikilizaji walitaka sehemu mbili za katikati zirudiwe, na zikarudiwa. Sehemu ya mwisho, ile ndefu ngumu inayoitwa Große Fuge, hakuna aliyeomba irudiwe. Mchapishaji, Artaria, akamwomba Beethoven aandike mwisho mwingine. Akaandika! Ile ngumu ikachapishwa peke yake kama Opus 133. Kwa hiyo kurudia kulikuwepo, lakini waliochagua cha kurudiwa ni wasikilizaji. Wewe unataka kuwachagulia.

Haydn vilevile. Kwarteti zake za mwaka 1793, Opus 71 na 74, alizitunga akijua zitapigwa London katika ukumbi mkubwa wa watu waliolipa kiingilio, si sebuleni kwa bwana mkubwa. Zinaanza kwa mapigo mazito ya kunyamazisha watu. Mtunzi alikwenda walipo wasikilizaji. Watunzi wa leo wengi wanataka sisi ndio twende walipo.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nina wazo la tatu: wasichanganye kabisa. Taarab asilia na modern taarab tulishazitenganisha zamani. Miaka ya 1990 kinanda cha umeme na mipasho vilipoingia, wazee walilalamika kwamba fidla na ganuni zinauawa. Leo anayetaka asilia anajua aende wapi, na anayetaka ya kisasa anajua aende wapi. Kila upande una watu wake, hakuna anayelazimishwa. Jioni ya Haydn iwe ya Haydn, jioni ya walio hai iwe yao.

Mchangiaji, Kampala

Ndugu wa Dar, ukitenganisha namna hiyo, Mwafrika anayetunga kwa ajili ya kwarteti atakwenda jioni gani? Nauliza kwa uchungu.

Justinian Tamusuza, Mganda mwenzangu, mzaliwa wa 1951, aliandika mwaka 1988 kwarteti yenye jina la Kiganda, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, maana yake katika njia ya msalaba. Kronos Quartet, kikundi cha kwarteti cha San Francisco, wakaichukua sehemu ya kwanza, Ekitundu Ekisooka, wakaiweka kwenye albamu yao ya Pieces of Africa mwaka 1992 pamoja na kazi za akina Hamza El Din wa Nubia na Dumisani Maraire wa Zimbabwe. Albamu ikapanda juu sana Marekani, kwenye orodha ya klasiki na ile ya muziki wa dunia pia.

Sasa isikilize. Nyuzi zinadonolewa na kugongwa mpaka unasikia ngoma na amadinda, yaani marimba yetu ya Kiganda, sauti zinapishana kama wapigaji wawili waliokaa pande mbili za amadinda moja, kila mmoja akijaza nafasi ya mwenzake. Hiyo ni kazi iliyofikiriwa noti kwa noti, ina haki ya kukaa mbele ya mtunzi mkubwa kama Bartók au baada yake. Lakini kila nikiona kazi ya Mwafrika kwenye programu za ziara, imewekwa mwisho kabisa kama zawadi ya kuagia watu, dakika nne za kuchangamsha, kisha makofi. Imekuwa kama iliki kwenye chai. Mleta mada umesema kazi mpya inabanwa katikati. Yetu hata hapo katikati haijafika.

Kwa hiyo naunga mkono mara mbili, ila nataka na nafasi itajwe. Kazi iwe na uzito kwenye karatasi ya programu, jina la mtunzi kwa herufi sawa na za Beethoven.

Mchangiaji, Mombasa (napiga selo, nina miaka 22)

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme upande wetu sisi tunaojifunza. Kazi za kale hazina haki za mtunzi, tunachapa bure. Kazi za kisasa nyingi noti zake zinanunuliwa au kukodishwa kwa bei ambayo hapa ni ada ya shule ya muhula. Ndiyo maana tunampiga Mozart mpaka tunamwota.

Kilichotuokoa ni mradi ambao Kronos hao hao waliuanzisha mwaka 2015, Fifty for the Future. Waliagiza kazi 50 mpya kwa watunzi wa pande zote za dunia, wanawake kwa wanaume, wakaziweka noti zake bure mtandaoni pamoja na rekodi. Yumo Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mpiga balafoni (marimba ya Afrika Magharibi), yumo mwimbaji Angélique Kidjo wa Benin. Mwalimu wetu alituchapishia kazi ya Diabaté, tukaikalia miezi miwili. Sikuielewa wiki ya kwanza. Wiki ya tano niliamka naiimba. Ndiyo maana namwelewa mleta mada, ingawa msikilizaji hana wiki tano, ana jioni moja.

Halafu kuhusu fedha: mpiga fidla David Harrington alipoanzisha Kronos mwaka 1973, kazi ya kwanza waliyoagiza ilikuwa ya mtunzi Ken Benshoof, na malipo yake yalikuwa mfuko wa donati. Baadaye wakaagiza zaidi ya elfu moja. Sisemi watunzi walipwe donati! Nasema mwanzo haukungoja ruzuku.

Mleta mada

Nimewasoma wote, ahsanteni. Ndugu wa Nairobi, nakubali mawili. Kwanza, kazi ndefu haiwezi kurudiwa. Different Trains ya mtunzi Mmarekani Steve Reich ni karibu nusu saa, hiyo ipigwe mara moja tu. Nilikuwa nasema za dakika kumi, kumi na mbili. Pili, ni kweli mama yule ndiye anayelipa, na simdharau. Lakini kuhusu Große Fuge umeishia 1826. Leo vikundi vingi vinairudisha mahali pake, mwisho wa Opus 130, na mama huyohuyo anakata tiketi ya kuisikia. Ilichukua muda mrefu sana, kwa sababu kwa miongo mingi ilipigwa kwa nadra. Kazi isiyopigwa haiwezi kupendwa.

Ndugu wa Dar, mfano wako wa taarab unanigusa kwa sababu nimekulia humo, lakini una upungufu. Taarab yenyewe ni mchanganyiko. Udi, ganuni na nai za Waarabu, fidla na selo za Wazungu, bashraf (kipande cha vyombo bila kuimba) iliyopita kwa Waturuki, na maneno ya Kiswahili juu yake. Wangetenganisha mwaka 1905 Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Zanzibar, ilipoanzishwa, tusingekuwa na cha kubishania.

Kinachonikera mimi ni kuchanganya bila kujua kwa nini hivi viko pamoja. Kuna njia bora. Caroline Shaw, Mmarekani, aliandika Entr'acte mwaka 2011 baada ya kusikia kwarteti ya Haydn, Opus 77 namba 2, ya mwaka 1799. Alichukua umbo la minueti (ngoma ya kale ya Ulaya) ya Haydn, akaanza nalo kwa adabu, kisha polepole likaanza kuyeyuka, pinde zinapita kwenye nyuzi bila noti, pumzi tupu, kama mtu anakumbuka ngoma aliyowahi kuicheza. Piga Haydn huyo, halafu Shaw, halafu sehemu ya minueti ya Haydn tena. Msikilizaji wa Haydn hajaibiwa kitu. Atakuwa amemsikia Haydn mara mbili, na mara ya pili kwa sikio jingine.

Na dada wa Kampala, umenisahihisha. Sikuwaza kuhusu mahali pa mwisho. Nakubali kwamba kutolewa kama zawadi ya kuagia ni kudharauliwa pia, tena kwa tabasamu.

Mchangiaji, Nairobi

Huo mfano wa Haydn na Shaw nauelewa, na ningekata tiketi. Kwa kuwa pale kurudia kumekwenda kwa Haydn, mama yangu wa Beethoven hatalalamika.

Lakini bado sijajibiwa kuhusu mazoezi. Ukiongeza siku nne za mazoezi kabla ya mji wa kwanza, ni siku nne za watu wanne kula, kulala na kutolipwa mahali pengine. Nani anabeba? Ukisema mfadhili, mfadhili hulipia tamasha, kwa sababu tamasha lina picha. Sijawahi kuona bango la mfadhili kwenye chumba cha mazoezi.

Mchangiaji, Kampala

Basi mfungulie mlango huyo mfadhili. Mazoezi ya wazi, mtunzi akiwepo, kiingilio kidogo, wanafunzi bure. Böhm alikuwa na Beethoven chumbani. Tamusuza alifundisha Makerere, na sisi wanafunzi tungekaa sakafuni siku zote nne kuona kazi kama ile inavyofunguliwa.

Mchangiaji, Mombasa

Dada, na kama ni sakafuni, mimi nitapanda basi la usiku.