Naomba ushauri: kamashine ka kuvaa kifuani, demo ni siku ya posho (jumamosi)

Katuba_Teki: Bakubwa, niko L'shi (Lubumbashi, Congo), natengeneza kamashine ka kuvaa kifuani, kako na projekta ndogo na kamera, kanamulika vitufe na picha za injini kwenye kiganja, fundi anachezesha vidole tu bila kushika simu, juu mikono ya mafundi iko na mafuta meusi saa zote. Siku ya posho patro (bosi) mumoja anakuja kuangalia. Swali ni moja tu, niweke ishara ya kubana vidole ama ya kupunga mkono?

Mwana_Kamalondo: Weka ya kubana. Fundi anapunga mkono siku muzima, anaita mutoto alete spana, anafukuza nzi, anakatalia kliyenti bei, na kila mara mashine itafikiri ni amri.

Yaya_Mado: Shemeji wangu alinunua saa ya kuongea nayo, sasa anaongea nayo kuliko bibi yake 😂

Fundi_Mukubwa: Mi niko na garaji karibu na soko Kenya, hapa L'shi. Kijana alituletea tableti hapo, gari ikaikanyaga mbele ya saa sita. Kitabu changu kiko na mafuta mpaka ndani na bado kinasomeka. Huo mwanga unaonekana je kwenye mukono mweusi tii?

Katuba_Teki: Unaonekana muzuri, nilijaribu chumbani.

Polytek: Chumbani! Ile Ai Pin ya Humane, Marekani, kamashine ka kubandika kwenye koti, ilikuwa na leza ya kuandika kwenye kiganja, unainamisha mukono kuchagua, unabana vidole kukubali. Dola 699 na malipo ya kila mwezi juu yake, na kwenye jua batu hawakuona kitu. Tarehe 28 Februari 2025 seva zikazimwa, ikabaki urembo wa koti. Yako inatambua vidole na nini?

Katuba_Teki: Tepu za rangi. Nyekundu, njano, bulu, kijani.

Polytek: Kumbe SixthSense ya Pranav Mistry, wa MIT, chuo cha Marekani, kamashine ka kuvaa ka tepu za rangi kama yako, ile alionyesha 2009. Yeye hakuwa garaji. Mafuta yakifunika tepu kamera inafuata nini? Na chini ya balbu ya njano rangi zinabadilika. Sema kweli, inakamata?

Katuba_Teki: Inafanya.

Mwana_Kamalondo: "Inafanya" si jibu mukubwa.

Katuba_Teki: Bon. Mara ya kwanza kadogo wangu alikaa nyuma ya mulango na kompyuta, mi nikibana vidole ye anabonyeza. Patro akafurahi akatoa avansi, pesa ya mbele. Lakini hata batu ba utafiti banafanya vile, mutu anajificha anafanya kazi ya mashine, iko mpaka kwenye vitabu, kwa hiyo si uongo. Na ile avansi nishanunua projekta ya nguvu, kurudi nyuma hakuna. Munisaidie kwa ishara tu.

Mama_Neema: Mwanangu, rudisha makuta ya mutu.

Polytek: Wale wanaficha mutu ili wajue watu wanapenda ishara gani kabla ya kuandika programu, mwishoni wanawaambia. Hawachukui avansi.

Jicho_Kali: Mi naona hadithi hapa. Kwanza chumbani, sasa patro na mulango. Projekta inakula umeme, batri iko wapi? Weka picha.

Yaya_Mado: Labda kadogo ndio anaandika humu 😂😂

Katuba_Teki: Pawabanki, mufuko wa salopeti, inachoma paja kabisa. Picha siweki, patro anaweza kuwa humu.

Jicho_Kali: Wote wanasemaga vile.

Fundi_Mukubwa: Muache kijana. Sikia, kiganja uache, mulika kwenye kitambaa cheupe tundike chini ya boneti, ishara moja tu, tepu ufunge juu ya kiwiko pale mafuta hayafiki sana. Lete kwangu kesho tuone kama inaenda, bila kadogo.

Katuba_Teki: Asante papa. Shida ni kwamba kadogo ndio anajua kuwasha ile programu.